Nani Anasema Mnyama wa Katuni Anapofungua Mdomo?

Jioni moja ya Julai, upepo wa Dodoma ukiyapigapiga mabati ya nyumba ya dada yangu kule Nkuhungu, mpwa wangu wa miaka saba alikuwa ameketi mkekani akitazama filamu ya katuni iliyoingizwa sauti za Kiswahili. Katika filamu hiyo alikuwamo sungura kijana aliyepotezana na ndugu zake, pamoja na kobe mzee aliyekuwa akimwelekeza njia. Ghafla mtoto akanigeukia na kuuliza, "Mjomba, mbona sungura ameshamaliza kusema lakini mdomo bado unatafuna?" Nilimjibu haraka kwamba sauti ile imewekwa na watu wengine, na hapo akauliza swali la pili, ambalo ndilo lililonifanya niandike makala haya: "Kwa hiyo sungura mwenyewe alikuwa anasema nini?"

Nililiona swali hilo kuwa jepesi hadi nilipojaribu kulijibu. Ndani yake yamefungwa pamoja mambo ambayo sisi watu wazima tumezoea kuyapita bila kuyatazama: namna sauti inavyokutana na mchoro, namna mchoro unavyofundishwa kusema lugha fulani, na namna lugha nyingine inavyokuja baadaye na kukaa katika mdomo usiokuwa wake.

Wengi wetu huamini kwamba mnyama huchorwa kwanza, kazi ikamalizika, kisha akatafutwa mtu wa kumsemea. Katika studio kubwa za Marekani, ambako ndiko zinakotoka nyingi ya katuni ndefu zinazotufikia, kazi huenda kinyume cha hapo. Hadithi ikishaandikwa na kuchorwa kwa michoro ya haraka inayoonyesha tukio baada ya tukio, waigizaji wa sauti huitwa studioni kusoma maneno yao mbele ya maikrofoni, na ni baada ya sauti hizo kukubaliwa ndipo wahuishaji, yaani wale wanaoupa mchoro mwendo, huanza kazi yao. Mara nyingi mwigizaji hurekodiwa pia kwa video wakati anasoma, ili mhuishaji aone jinsi alivyokunja uso, alivyoinua bega au alivyovuta pumzi kabla ya neno gumu. Kwa hiyo pumzi ya sungura ni pumzi ya mtu, na kusita kwa kobe ni kusita kwa mtu aliyesimama ndani ya chumba kimya akiwa na karatasi mbele yake. Mnyama wa katuni husikiliza kwanza, ndipo anapofunguliwa mdomo. (Huko Japani utaratibu uliozoeleka ni mwingine: picha hutangulia na waigizaji huzisemea baadaye, na ndiyo maana katika katuni nyingi za Kijapani mdomo hufunguka na kufunga tu bila kufuata kila herufi.)

Ili kuona kazi hii ilivyo ya karibu, tuchukue neno moja tu. Filamu hupita mbele ya macho kwa mwendo wa picha 24 kwa kila sekunde, na kila picha moja huitwa fremu. Neno "mama" likisemwa kwa nusu sekunde hula fremu 12. Mhuishaji hulisikiliza tena na tena, kisha hulikata vipande: midomo imefumba kwa ajili ya m ya kwanza fremu 2, imefunguka kwa a fremu 4, imefumba tena fremu 2, na a ya mwisho inabaki na fremu 4. Kufumba kule hakupaswi kupungua fremu mbili, kwa sababu kukipungua hapo jicho la mtazamaji haliwahi kukuona, na mtazamaji asiyeiona midomo ikikutana huhisi kwamba kuna kitu hakiko sawa hata kama hawezi kukitaja. Tena wahuishaji wengi huutanguliza mdomo fremu moja au mbili mbele ya sauti, kwa kuwa hata sisi binadamu hukiweka kinywa tayari kabla sauti haijatoka.

Si kila sauti ina umbo lake. Herufi m, b na p zote huifumbisha midomo, kwa hiyo zinagawana mchoro mmoja. F na v hugawana mwingine, ambao meno ya juu yamegusa mdomo wa chini. O na u huikusanya midomo mbele. A huuachia mdomo mpana. Maumbo kama kumi hivi hutosha kumwongelesha mnyama filamu nzima. Ugumu unatokana na wingi wa fremu, kwani filamu ya dakika 90 ina fremu 129,600, na hata wachoraji wa zamani walipopunguza mzigo kwa kuuacha kila mchoro ukae fremu mbili, bado walibaki na hatua 64,800 za kuchora kwa mkono.

Kompyuta haikuifuta hesabu hiyo, bali iliihamisha. Leo mnyama hujengwa ndani ya kompyuta kama kikaragosi chenye mifupa, na usoni huwekewa vidhibiti ambavyo mhuishaji huvivuta ili nyusi ipande, shavu livimbe au pembe ya mdomo ishuke. Mashine hujaza miendo ya katikati, na hiyo ni nafuu kubwa, lakini uamuzi wa lini midomo ikutane bado ni wa mtu. Mzigo mpya ukaja upande wa manyoya. Filamu ndefu ya kwanza kutengenezwa yote kwa kompyuta, Toy Story ya mwaka 1995, iliwachukua midoli kuwa wahusika wake wakuu, na miongoni mwa sababu ni kwamba plastiki ilikuwa rahisi kwa kompyuta za wakati ule, ilhali unyoya unaotikisika kwa upepo na kushika mwanga kila mmoja kivyake ulikuwa kazi nzito mno.

Jambo ambalo linanivutia kuliko yote katika upande huu wa uchoraji ni uso. Kabla ya kutoka kwa Bambi mwaka 1942, studio ya Walt Disney ililetewa watoto wawili wa kulungu wakiwa hai, wakafugwa pale ili wachoraji wawatazame wakitembea na kulala. Miguu na shingo walizipata sawasawa. Uso ndio uliowashinda, kwa kuwa macho ya kulungu yako pembeni, kinywa chake ni kidogo, na hakuna namna ya kumchora kulungu halisi akiona aibu. Mchoraji Marc Davis aliutatua ugumu huo kwa kuazima miguno na mishangao ya uso wa mtoto mchanga wa binadamu na kuihamishia katika sura ya kulungu. Tangu hapo tunachokiona katika wanyama wengi wa katuni ni mwili wa mnyama uliobeba uso wa mtu: macho yamesogezwa mbele, weupe wa jicho umeongezwa ili tujue anatazama wapi, na nyusi zimewekwa mahali ambapo mnyama halisi hana nyusi. Ukiviondoa vitu hivyo, maneno huanza kuelea. Filamu ya The Lion King ilipotengenezwa upya mwaka 2019 kwa picha za kompyuta zinazofanana na simba wa kweli, wahakiki wengi walilalamika kwamba nyuso zimekufa, kwamba simba analia kwa sauti na hali uso wake umetulia kama simba anayetazama nyasi. Naona lalamiko hilo lilikuwa la haki, ingawa ufundi wa manyoya na mwanga katika filamu ile ulistahili sifa zote ulizopata.

Pengine mtu atauliza kwa nini mnyama wa kweli asiseme. Kwa muda mrefu iliaminika kwamba koo lake halikuumbwa kwa maneno. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 kuhusu koo na kinywa cha tumbili ulionyesha kwamba viungo vyake vingeweza kutoa sauti za kutosha kutengeneza lugha inayoeleweka. Kinachokosekana ni ubongo wa kuviendesha. Na kuna mnyama mmoja aliyekaribia: tembo aitwaye Koshik, wa Korea Kusini, ambaye wataalamu waliandika habari zake mwaka 2012. Yeye huuingiza mkonga wake ndani ya kinywa na kuugeuza umbo lake mpaka maneno matano ya Kikorea yakatoka, na Wakorea waliosikilizishwa sauti hiyo waliyatambua. Alikuwa ameishi miaka kama mitano bila tembo mwenzake, akizungukwa na watu peke yao. Kila ninapoikumbuka habari hiyo naona kwamba hata tembo wa kweli alihitaji kukitengeneza upya kinywa chake ili akaribie sauti zetu, kama wahuishaji wanavyokitengeneza cha mnyama wao kwa kalamu.

Hapa ndipo Kiswahili kinapoingia na jambo lake. Mtoto anayesikiliza Kiingereza humsikia mnyama asiyemjua akitajwa kwa kiwakilishi cha kitu, kama jiwe au meza. Mnyama huyo akipewa jina na tabia, kiwakilishi hubadilika kuwa cha mtu, mume au mke. Badiliko hilo dogo ndilo mlango ambao mnyama hupitia kuwa mhusika. Katika Kiswahili mlango huo haupo, kwa sababu mnyama yuko ndani tayari. Tunasema kisu kimepotea, lakini kiboko amepotea. Tunasema nyumba imeanguka, lakini nyumbu ameanguka. Kifaru aliye porini amelala chini ya mgunga, ilhali kifaru cha jeshi kimelipuliwa. Neno ni lilelile, na sarufi yenyewe ndiyo inayokuambia kwamba mmoja ana pumzi na kingine ni chuma. Mnyama huchukua upatanisho wa watu hata kabla ya msimulizi yeyote hajaamua kumfanya aseme.

Nadhani ndiyo maana bibi yangu kule Mvumi hakuwahi kueleza kwa nini Fisi anaongea. Alipoita "Hadithi, hadithi!" nasi tukaitika "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea," tulikuwa tumeshakubaliana. Fisi alisema kwa sauti ya puani, yenye njaa; Sungura alisema upesiupesi akimeza mwisho wa maneno; Kobe aliachiwa nafasi ndefu kati ya neno na neno, na lugha yake ya Kigogo ilikuwa ikichungulia kila mara hasira ilipopanda. Wote hao walitoka katika koo moja. Filamu humpa kila mnyama koo lake, na kwa hilo hupata utajiri mkubwa wa sauti, lakini pia hujifunga, kwa sababu bibi aliweza kubadilisha maneno kila usiku, na filamu ikishachorwa haibadiliki.

Basi filamu hiyo iliyofungwa inapovuka bahari na kufika Nkuhungu, kuna njia za kuifungua. Tuliokulia katika vibanda umiza, yaani mabanda ya kuonyeshea filamu, tunaijua njia ya mtafsiri mmoja anayezungumza juu ya filamu nzima, akiwasemea wote, akieleza, akikemea na kuongeza ya kwake. Huyo haujali mdomo hata kidogo, na kwa kweli yuko karibu na bibi kuliko alivyo karibu na studio. Njia ya maandishi yanayopita chini ya picha haimfai mtoto wa miaka saba, ambaye hajaanza kusoma kwa kasi ya maneno ya sungura. Njia ya tatu ni kuingiza sauti, ambapo kila mhusika hupata mwigizaji wake na sauti ya asili huondolewa. Watanzania wengi waliizoea kupitia tamthilia, hasa tangu mwaka 2011 TBC iliporusha tamthilia ya Kichina iliyoingizwa sauti za Kiswahili, na leo ving'amuzi vimejaa kazi za namna hiyo. Katika tamthilia ya watu, hata hivyo, sauti ikikosana na mdomo tunasamehe, kwa kuwa tunajua yule ni mtu mwenye lugha yake. Sungura hana lugha yake. Kwa mtoto, sungura ni kile anachokisema, na sauti ikikosana na mdomo wake, ni sungura mzima anayevunjika.

Mgongano wenyewe unatokea wapi? Kwanza ni urefu. Kitenzi chetu hubeba mtenda, wakati, mtendwa na tendo lenyewe katika neno moja, na neno kama "hawatatutambua" lina silabi 7 ambazo hazikwepeki. Mfasiri akiwa na fremu 24, yaani sekunde moja, ya mdomo unaotembea, hana budi kuchagua: ama mwigizaji aharakishe mpaka maneno yagongane, ama maana ipunguzwe. Wafasiri wazuri hupunguza, kwa mfano wakasema "hawatujui" na kuiachia picha yenyewe iseme yaliyobaki.

Pili ni namna maneno yanavyoisha. Maneno mengi ya Kiingereza huishia kwenye konsonanti, mdomo ukafunga au ulimi ukagusa meno, na mchoro hufuata hivyo. Maneno yetu huishia kwenye irabu. Kila sentensi ya Kiswahili huuacha mdomo wazi mwishoni, na kama mdomo wa sungura umekwisha kufungwa kwenye mchoro, ile a au e ya mwisho hubaki ikining'inia hewani baada ya kinywa kufumba. Kosa alilolikamata mpwa wangu lilikuwa kinyume cha hilo: mfasiri alikuwa amefupisha mno, sauti ikaisha na mdomo ukabaki na kazi isiyo na maneno. Hayo yote ni makosa ya kupima, na yanarekebishika kwa mtu kukaa na picha, kuhesabu na kujaribu tena.

Pamoja na hayo, Kiswahili kina nafuu ambayo sijawahi kuisikia ikizungumzwa. Midomo inapokutana kwenye picha, mfasiri anahitaji m, b au p, na tazama maneno tunayoitana nayo kila siku: mama, baba, babu, bibi, mjomba, bwana, mpwa. Yote hayo yanafumba midomo. Pale ambapo mchoro unaonyesha midomo ikikutana na tafsiri ya moja kwa moja haina sauti ya kuifumba, kumwita mhusika kwa jina la udugu huziba pengo na wakati huohuo huifanya sentensi isikike kama ilivyozaliwa hapa. Sungura anayemwambia kobe "twende, babu" anasema Kiswahili kuliko yule anayesema "twende" peke yake, na mdomo wake unapata cha kufanya.

Hapo ndipo tunafika kwenye fundo gumu zaidi, gumu kuliko mdomo: wanyama hawa ni nani kwa nani? Katika Kiingereza sungura kijana na kobe mzee wanaweza kusalimiana kwa neno moja fupi, lilelile kwa wote wawili, na safari ikaendelea. Katika Kiswahili haiwezekani. Mtoto wa Nkuhungu, wa Kongwa au wa Manyoni anajua kwamba kijana akikutana na mzee husema "shikamoo" na hungoja "marahaba". Akikuta sungura anamwambia kobe mwenye makunyanzi "mambo vipi," atamhesabu sungura huyo kuwa hana adabu, na hadithi nzima itabadilika, kwa sababu mwandishi wa asili hakukusudia sungura asiye na adabu. Kwa hiyo kabla ya kutafsiri neno la kwanza, mfasiri analazimika kupanga ukoo. Je, simba mfalme huitwa mfalme, mzee au baba? Je, mbuni anayemzidi swala umri kidogo ni dada yake au shangazi? Filamu ya asili haikusema, kwa kuwa lugha yake haikuuliza. Kiswahili kinauliza, na jibu lazima litolewe mapema na lishikiliwe hadi mwisho.

Kuna mahali ambapo Kiswahili huuliza kidogo kuliko Kiingereza. Kiambishi a- hakisemi kama mtenda ni dume au jike. Filamu ambayo imejenga fumbo lake juu ya hilo, mathalani nyoka anayeogopwa na wote ambaye mwishoni anagundulika kuwa ni mama anayelinda mayai, hupata faida katika lugha yetu, kwani "alikuja, akatazama, akaondoka" haifichui chochote, wala mfasiri hahitaji kulificha neno lolote.

Kisha yapo mambo ambayo hayamo katika maneno kabisa. Katuni nyingi za Ulaya na Marekani humleta bundi akiwa mwalimu, mwenye miwani, mwenye busara, anayeulizwa ushauri na wadogo. Bundi huyo huyo akilia juu ya paa la nyumba usiku katika vijiji vyetu, wapo watu watakaoamka na kuanza kuwaza nani anaumwa katika ukoo. Mtoto aliyeusikia wasiwasi huo nyumbani kwake humwona bundi wa katuni na kungoja ubaya ambao hauji. Picha haiwezi kubadilishwa. Mfasiri ana sauti peke yake. Nimewahi kusikia bundi wa namna hiyo akipewa sauti ya juu yenye mashauzi, na mtoto aliyekuwa karibu nami akajificha nyuma ya mama yake. Angepewa sauti ya mzee wa pole, anayekohoa kidogo kabla ya kusema na anayewaita wadogo "wajukuu zangu," woga ungepungua mapema. Fisi ni hadithi nyingine. Yeye tunamdharau sisi wenyewe, katika ngano zetu na katika habari za wachawi wanaosemekana kumpanda usiku, na filamu za nje zimetuunga mkono kwa kumpa kazi ya ubaya, ingawa watafiti waliokaa na fisi madoa Ngorongoro na Serengeti tangu miaka ya 1960 walionyesha kwamba huwinda sehemu kubwa ya chakula chake mwenyewe, na kwamba katika koo zake majike ndio wanaotawala.

Studio moja ilijaribu kulitatua tatizo hili kwa kuigusa picha yenyewe. Katika Zootopia ya mwaka 2016 kuna wanyama wawili wanaosoma taarifa ya habari, na mmoja wao alibadilishwa kulingana na nchi: China walimpata panda, Australia koala, Brazili chui wa Amerika, anayeitwa jagwa. Badiliko la sekunde chache tu, lakini linaonyesha kwamba jambo hilo linawezekana pale soko linapohesabiwa kuwa kubwa. Huku kwetu nafasi hiyo angeipata twiga, nina hakika.

Majina nayo yana mkasa wake. The Lion King ya mwaka 1994 iliokota majina mengi kutoka Kiswahili: Simba, Rafiki, Pumbaa, Sarabi, Shenzi. Kwa mtazamaji wa Chicago hayo ni majina matamu yasiyo na maana ya papo hapo. Kwa mtazamaji wa Dodoma, simba anaitwa Simba, na mpwa wangu aliuliza swali la haki kabisa, kwamba mbona wale simba wengine hawaitwi Simba wakati nao ni simba? Pumbaa ni kitenzi kinachomtukana mwenye jina kila anapoitwa, na Shenzi ni neno ambalo mama hatakubali litamkwe sebuleni. Filamu iliyojaa maneno yetu hugeuka kuwa ngumu kuirudisha katika lugha yetu, kwa sababu kile kilichokuwa pambo kule hugeuka kuwa maana hapa.

Kwa upande mwingine, tunazo kazi zilizoanza na sauti za hapa. Shirika la Ubongo, lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2013, hutengeneza katuni za kufundishia watoto, na katika mojawapo, Akili and Me, msichana wa miaka minne anayeishi na familia yake chini ya Mlima Kilimanjaro huingia ndotoni katika nchi ambako rafiki zake ni wanyama wanaosema. Mtoto anayekutana na katuni iliyokusudiwa kwa ajili yake anasikia salamu zinazokaa mahali pake na mizaha isiyohitaji kuelezwa. Ningependa siku moja kuona filamu ndefu ya namna hiyo kutoka kanda hii ya kati, ambako hadithi ziko mkononi. Jina lenyewe la mji huu husimuliwa kuwa limetokana na tembo aliyekwenda kunywa maji kijitoni akadidimia katika tope, na Wagogo waliomwona wakapaza sauti, "Idodomya!", yaani amezama. Katika simulizi hiyo watu ndio wanaosema na tembo yuko kimya. Filamu ingeweza kumgeuzia maikrofoni, tukamsikia yeye.

Jumamosi iliyofuata nilirudi Nkuhungu, na tukaamua kulijibu swali la mtoto kwa vitendo. Tulizima sauti ya filamu ileile, tukachagua kipande cha sungura na kobe wanapokutana kwa mara ya kwanza, tukagawana: yeye sungura, mimi kobe. Picha ilitupa tabu palepale. Sungura anatokea kwenye kichaka, anafungua mdomo mara moja tu kwa kitambo kifupi mno, kisha kobe anajibu. "Shikamoo" ina silabi 4 na haikuenea mle. Mtoto aliisema kwa haraka, ikasikika kama chafya. Akajaribu "shkamoo," kama wanavyoisema wanapokimbilia shule, na bado ikazidi. Nilimshauri aiache salamu aende moja kwa moja kwenye swali la njia, na akanikatalia kwa ukali kidogo: "Hawezi kumuuliza babu njia bila kumwamkia."

Tuliirudisha picha nyuma, mara sita au saba, tukiitazama bila kusema. Ndipo akagundua kitu ambacho mimi sikukiona. Kabla sungura hajatokea kichakani, masikio yake yanaonekana juu ya majani kwa muda wa kutosha, yakitikisika, na uso wake haujaonekana bado. Hakuna mdomo wa kufuata pale. Kwa kobe kazi ilikuwa rahisi, maana kobe hana midomo ya kufumba wala meno, ana kingo ngumu tu kama mdomo wa ndege, zinazofunguka na kufunga. Tukarudia. Masikio yalipotikisika mtoto akasema "Shikamoo, babu!" kwa utulivu wote, kobe akanyoosha shingo, nami nikaitikia "Marahaba" polepole, na sungura alipotokeza uso wake, ule mfunguko mfupi wa mdomo ulikuwa umebaki mtupu ukisubiri neno. Mtoto akaliweka pale pale: "Nimepotea."

Silabi tano, lakini aliianza ile "ni" masikio yakiwa bado kichakani, na midomo ya sungura ikakutana sawasawa kwenye m.